Dripu si chakula: mwili ulioungua hujijenga kwa kitu gani

"Sista, ana dripu tangu jana, mbona bado mnamlazimisha kula?"

Katika wodi ya walioungua nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko swali lolote kuhusu kidonda chenyewe. Anayeuliza ni mama aliyeshika bakuli la mtori, au kaka aliyekesha kwenye benchi la nje, na anauliza kwa huruma ya kweli. Mgonjwa anaumwa, mdomo umekauka, hataki hata kunusa chakula, na juu ya kitanda chake imening'inia chupa inayodondosha maji taratibu. Ndugu wanaamini yale maji yanamlisha.

Basi tuanze na chupa hiyo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 ya mwili, kwa kanuni ya Parkland ya kukadiria maji ya dripu, anaweza kupewa kama lita 7 za Ringer's lactate, maji yenye chumvichumvi, katika saa 24 za kwanza, nusu yake ikiingia ndani ya saa 8 tangu aungue. Ni maji mengi mno, na yanaokoa maisha, kwa sababu baada ya kuungua mishipa midogo ya damu huvuja na maji ya mwili yakahamia kwenye uvimbe. Lakini ndani ya lita moja ya maji hayo hakuna hata kilokalori 10. Ile dripu nyingine, ya sukari ya asilimia 5, ina gramu 50 za glukosi kwa lita, yaani kama kilokalori 170. Soda moja na andazi huipita. Protini ni sifuri, mafuta ni sifuri. Mgonjwa mwenye dripu mbili mikononi anaweza kuwa na njaa kali kabisa, na mwili wake ukaendelea kujenga huku haupewi chochote cha kujengea.

Na unajenga kwa kasi ya ajabu. Hapa ndipo kuungua kunapotofautiana na njaa ya kawaida. Mtu asiye na jeraha akikaa siku kadhaa bila kula vizuri, mwili hupunguza matumizi na kungoja. Mwili ulioungua sehemu kubwa hauwezi kungoja.

Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa Scotland aitwaye David Cuthbertson alikuwa akichunguza mkojo wa watu waliovunjika miguu jijini Glasgow. Alikuta naitrojeni nyingi mno, kiasi ambacho jeraha la mguu peke yake lisingeweza kukitoa. Naitrojeni kwenye mkojo ni alama ya protini iliyovunjwa, kwa hiyo misuli ya mwili mzima, hata ile iliyokuwa mbali na jeraha, ilikuwa ikimeng'enywa. Baadaye, mwaka 1942, alizipa hatua za mwili baada ya jeraha majina ambayo mtu wa pwani atayaelewa bila mwalimu: maji kupwa na maji kujaa. Siku moja au mbili za kwanza mwili hupoa, mapigo hudhoofika, kila kitu hurudi chini. Kisha maji hujaa. Homoni za adrenalini, kotisoli na glukagoni hupanda, moyo hukimbia mchana na usiku, joto la mwili hupanda hata pasipo maambukizi, na sukari hupanda kwenye damu ya mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Kwa aliyeungua zaidi ya asilimia 40, nguvu anazotumia akiwa amelala tu kitandani zinaweza kukaribia mara mbili ya kawaida yake. Hajanyanyua hata kikombe, lakini mwili wake unafanya kazi kama wa mtu anayelima kutwa.

Nguvu hizo zinatoka wapi? Mafuta yana ghala lake chini ya ngozi. Sukari ina akiba ndogo kwenye ini, haimalizi siku. Protini haina ghala. Kila gramu ya protini mwilini iko kazini tayari: ni msuli wa paja, ni msuli wa kuvutia pumzi, ni askari wa kinga, ni utando wa utumbo. Mwili unapoihitaji kwa ajili ya kidonda, na sahani haijaleta, unaichukua huko huko. Ni kama mtu anayeng'oa mabati ya sebuleni kuezekea jiko, mvua ikiwa imeanza.

Madaktari wa majeraha ya moto wana ngazi wanayoifuata kupima hasara hiyo. Mgonjwa akipoteza asilimia 10 ya nyama ya mwili wake, yaani uzito usio mafuta, kinga hudhoofika na maambukizi huongezeka. Akipoteza asilimia 20, kidonda huanza kuchelewa. Akifika 30 hana nguvu ya kukaa mwenyewe, anapata vidonda vya mgandamizo, na kile cha moto husimama kabisa. Kwenye 40 wengi hufa, mara nyingi kwa nimonia, kwa sababu hata kukohoa kunahitaji misuli.

Kidonda chenyewe husema mapema kuliko mizani. Ukifungua bandeji ya anayekula vizuri, chini utaona nyama changa nyekundu ya kung'aa, yenye chembechembe kama punje za ulezi. Pembezoni kuna ukanda mwembamba wa ngozi mpya unaosogea kidogo kidogo kuelekea katikati. Kwa aliyekosa chakula, nyama ile inapauka, inakuwa laini na ya kuteleza, maji yanatoka mengi, na ukingo unabaki pale pale ulipokuwa Jumatatu iliyopita. Ukipandikiza ngozi juu ya kidonda cha namna hiyo, siku ya tano unapofungua inatoka na bandeji.

Namkumbuka kijana mmoja aliyeungua kwa petroli miguu yote miwili na tumbo. Alipandikizwa ngozi, ikakataa. Tukatafuta wadudu, tukabadilisha dawa, ikapandikizwa tena, sehemu kubwa ikakataa tena. Siku moja nikakaa karibu na kitanda chake saa ya chakula cha mchana, bila haraka. Alichota matonge matatu, akasukuma sahani. Mdogo wake, aliyekuwa akimuuguza kwa wiki ya sita, akaivuta na kuimaliza. Sikuweza kumlaumu yule mdogo. Yeye naye hakuwa na chakula kingine, na sahani ilikuwa imekataliwa mbele yake. Ila kwenye faili la mgonjwa, kila siku, sisi wauguzi tulikuwa tumeandika: amekula. Tulichokuwa tunajua ni kwamba sahani imerudi tupu.

Tufanye hesabu yake. Tuchukue yule yule mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30. Kanuni ya zamani ya Curreri, ya miaka ya 1970, inasema kilokalori 25 kwa kila kilo ya uzito, jumlisha 40 kwa kila asilimia iliyoungua. Hiyo ni 1,500 na 1,200, jumla 2,700 kwa siku. Siku hizi inajulikana kwamba kanuni hii huzidisha, hasa kwa walioungua sana, na penye mashine ya kupima pumzi hupimwa matumizi halisi. Lakini inatupa picha. Protini, ambayo mtu mzima asiyeumwa anaihitaji kama gramu 0.8 kwa kilo, aliyeungua anahitaji gramu 1.5 hadi 2. Kwa kilo 60 ni gramu 90 hadi 120 kila siku.

Sasa tuangalie sahani. Ugali wa kutosha mtu mzima na kikombe cha maharage vinatoa kama kilokalori 650 na gramu 25 za protini. Mara mbili kwa siku, ongeza nusu lita ya uji wa sukari asubuhi, unafika karibu 1,600 na gramu 54. Hapo ni kama amemaliza kila kitu. Upungufu ni kilokalori 1,100 na protini karibu nusu, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa.

Upungufu huo unazibika kwa vitu vya sokoni. Mayai manne yana gramu 24 hivi za protini. Nusu lita ya maziwa ina 16. Viganja viwili vya karanga, kama gramu 60, vina 15. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia, vikichanganywa kwenye uji au mboga, vinaongeza kilokalori 240 bila kumjaza tumbo. Jumla ni gramu 55 za protini na kilokalori kama 1,200, na mgonjwa wetu amefika anakotakiwa. Dagaa wakavu waliosagwa ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na kijiko cha unga wake ndani ya mchuzi hakimchoshi mtu kutafuna. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa supu ya mifupa inayoletwa kwenye chupa ya chai kila jioni. Harufu yake nzuri, inampa moyo mgonjwa, lakini ikiwa nyama imebaki nyumbani na kilichokuja ni maji yake, basi imejaza tumbo na kufunga njia ya chakula.

Uji nao una siri yake. Uji mwepesi wa kunyweka ni maji zaidi kuliko unga. Ukiongeza unga unakuwa mzito na mgonjwa hawezi kuumeza. Bibi zetu walilimaliza tatizo hili kwa kimea. Ulezi ukiloweshwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa, unakuwa na kimeng'enya kinachokata wanga. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, koroga kijiko cha unga wa kimea, na ndani ya dakika chache unalainika kama umetiwa maji. Uchemshe tena, tia siagi ya karanga na maziwa. Kikombe kile kile sasa kina unga karibu maradufu.

Kwa nini protini, na si sukari tu? Mwaka 1980 daktari J. Wesley Alexander na wenzake huko Cincinnati, Marekani, walitoa matokeo ya watoto 18 walioungua vibaya sana. Wote walilishwa kwa bidii, ila kundi moja lilipata protini ya kawaida na jingine protini nyingi zaidi. Waliopata protini nyingi walikuwa na siku chache za bakteria kwenye damu, na waliopona walikuwa wengi zaidi. Ni watoto wachache, lakini fikra ya wodi nyingi ilibadilika. Sukari ikizidi kiasi, kwa upande wake, hupandisha sukari ya damu ambayo tayari iko juu, na ziada hugeuka mafuta kwenye ini. Kwa hiyo mgonjwa wa moto kumwagiwa glukosi na soda kutwa nzima ni kumpa kuni bila matofali.

Katika ujenzi wa ngozi, matofali ni kolajeni, kamba za protini zinazoshikilia nyama pamoja. Ili kamba hizo zisokotwe na kukaza, mwili unahitaji vitamini C. Ushahidi ulio wazi kabisa aliutoa daktari kijana wa upasuaji huko Boston, John Crandon, aliyejinyima vitamini C kwa makusudi kwa miezi 6, kuanzia mwaka 1939. Baada ya miezi 3 alichanjwa kidonda mgongoni, kikapona vizuri. Akachanjwa kingine mwishoni mwa mwezi wa sita, ngozi ya juu ikaonekana imefunga lakini ndani hakukuwa na kilichoshikana. Alipopewa vitamini C kikapona kwa siku chache. Kwetu mapera, machungwa, ubuyu na maembe havikosekani kwa msimu wake. Mgonjwa wa moto mkubwa kwa kawaida huongezewa na vidonge, kwa sababu mahitaji yake hupita kile tunda linaweza kubeba.

Yapo na madini: zinki, shaba na seleni. Haya hupotea kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: yale majimaji yanayolowesha bandeji. Mette Berger na wenzake wa Lausanne, Uswisi, walipima majimaji hayo na kukuta madini hayo yakitoka kwa wingi katika wiki ya kwanza. Pamoja nayo hutoka protini. Bandeji nzito iliyolowa ninayoitupa kwenye ndoo asubuhi imebeba chakula cha jana cha mgonjwa. Zinki husaidia seli kugawanyika, na vitamini A, ile ya kwenye viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha, maini na maziwa, husaidia ngozi mpya kutambaa juu ya kidonda. Hata hivyo vidonge vya zinki visinunuliwe dukani na kumezwa kwa kukisia. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba kuingia mwilini, na unakuwa umeziba tundu moja kwa kutoboa jingine.

Si kila kilichotazamiwa kimefanya kazi. Glutamini, aina ya asidi ya amino ambayo hushuka sana kwa walioungua, ilipendekezwa kwa miaka mingi. Utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 1,200 katika nchi kadhaa, uliotoka mwaka 2022, haukuona kwamba iliwawahisha kutoka hospitali wakiwa hai. Nafurahi ulifanywa, kwa sababu kopo la unga wa bei kubwa humwondolea baba wa familia pesa ambazo zingenunua trei za mayai.

Lini aanze? Mapema kuliko watu wanavyodhani. Miongozo inataka aliyeungua sana aanze kulishwa ndani ya saa 12, kidogo kidogo, kwa njia ya tumbo. Utumbo usiopitisha chakula huanza kunyauka, na bakteria wake hupata upenyo. Mwaka 1842 Thomas Curling, daktari wa upasuaji wa London, alieleza vidonda vya utumbo mdogo vinavyotoka damu kwa walioungua, na kwa miaka mingi viliua watu. Kulisha mapema, pamoja na dawa za kupunguza asidi, kumevifanya viwe nadra.

Asiyeweza kula kiasi cha kutosha huwekewa mpira wa kulishia puani. Hapa ndugu wengi hushtuka. "Kama amefikia mpira, basi tena," aliwahi kuniambia baba mmoja huku akivua kofia. Mpira huo hauna maana hiyo hata kidogo. Kilokalori 2,700 ni mzigo mkubwa kuupitisha mdomoni kwa mtu mwenye maumivu, homa na midomo iliyovimba. Mpira unamlisha hata usiku akiwa amelala, na mchana anaendelea kula anachopenda.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na hili ni letu wahudumu. Mgonjwa wa moto huenda chumba cha upasuaji mara nyingi, kusafishwa kidonda, kupandikizwa, kubadilishiwa bandeji chini ya usingizi. Kila mara anaambiwa asile. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, wote walifungishwa tangu saa nne usiku, na aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha aliitwa saa tisa alasiri, au akaambiwa leo haiwezekani, kesho. Mara mbili kwa wiki za namna hiyo ni milo minne au mitano imepotea. Mwongozo wa ganzi na usingizi hautaki hayo: chakula kigumu saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji meupe saa 2. Ndugu ana haki ya kuuliza kwa upole mgonjwa wake ni wa ngapi, na kama upasuaji umeahirishwa, sahani ije dakika hiyo hiyo.

Chakula peke yake hakizimi ule moto wa ndani. Kuondoa mapema nyama iliyokufa na kuifunika, njia ambayo Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, aliitangaza mwaka 1970, hupunguza matumizi ya mwili. Dawa za maumivu nazo husaidia, maana mwenye maumivu hali. Joto la chumba pia: mgonjwa asiye na ngozi hupoteza joto kwa mvuke, na wodi nzuri huwa na nyuzi 28 hadi 32. Ndiyo maana huwa nazima feni iliyoelekezwa kwenye bandeji mbichi hata Dar es Salaam mwezi wa pili, jambo ambalo hunipatia lawama.

Na miiko? Wapo wanaomkataza mgonjwa mayai, samaki au maharage wakihofia kidonda kitatunga usaha. Usaha huletwa na bakteria, na askari wanaopigana nao hutengenezwa kwa protini hiyo hiyo inayokatazwa. Sibishani na bibi mbele ya mjukuu wake. Namwonyesha kidonda cha wiki hii na cha wiki ijayo. Tahadhari za kweli ni nyingine. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari apangiwe na mtaalamu. Mtoto aliyekuwa na utapiamlo kabla hajamwagikiwa na chai asilishwe kwa pupa, kwani chakula kingi ghafla kinaweza kuvuruga madini ya damu na kuusimamisha moyo. Huyo huanza taratibu, kwa maziwa maalumu, chini ya uangalizi.

Mizani hudanganya wiki ya kwanza, mgonjwa akiwa amevimba kwa maji. Baada ya hapo apimwe kila wiki, bandeji zikiwa zimetolewa. Kijana wangu wa petroli alikuwa ameshuka kilo 11 tulipompima hivyo. Tuliweka mpira wa puani, tukamwombea mdogo wake sahani yake mwenyewe jikoni, tukaandika kwenye faili matonge badala ya neno "amekula". Upandikizaji wa tatu ulifanyika baada ya wiki tano. Siku ya tano daktari alilowesha bandeji, akaivuta pole pole, na ngozi ikabaki mguuni.

Alipoaga nilimwandikia mlo wa kwenda nao nyumbani, akashangaa, maana vidonda vilikuwa vimefunga. Kwa aliyeungua sana, moyo na misuli vinaweza kubaki kwenye hali ile ya maji kujaa kwa mwaka mmoja, miwili, au zaidi, na watoto hupunguza kasi ya kurefuka katika kipindi hicho. Nikamwandikia mayai, dagaa, maziwa, mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi, na tarehe ya kurudi kwenye mizani.